Ushauri wa Kitaaluma katika Shule za Upili: Kiswahili na Uteuzi wa Kozi za Chuo Kikuu Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ushauri wa kitaaluma unaotolewa kwa wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya, hasa wale wenye nia ya kusomea Kiswahili katika chuo kikuu. Hoja kuu ni kwamba ushauri mwingi huanza na sifa za lugha na kuyaacha masharti ya kozi na ya kazi, ilhali masharti hayo ndiyo yanayoamua hatima ya mwanafunzi. Makala yanaeleza jinsi mfumo wa uteuzi ulivyokua, yanafafanua masharti ya alama, ya masomo mawili ya kufundishia na ya gharama, kisha yanapitia fani zinazomsubiri mhitimu wa Kiswahili pamoja na mahitaji ya kila moja. Mwisho, yanapendekeza namna vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinavyoweza kuchangia ushauri huu kupitia makongamano ya shuleni.

1.0 Utangulizi

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vijana wengi hutakiwa kuamua, katika majuma machache tu, jambo ambalo litawaongoza kwa miaka mingi ya maisha yao. Baadhi yao hufanya uamuzi huo wakiwa na mwalimu mshauri karibu. Wengine huufanya katika duka la kompyuta, wakimtegemea mhudumu ambaye kazi yake ni kujaza fomu na wala si kushauri.

Mwanafunzi aliyefanya vyema katika Kiswahili hukabiliwa na ugumu wa ziada. Kwa upande mmoja huambiwa kwamba lugha hii humwishia mtu ubaoni, akala chaki hadi astaafu. Kwa upande mwingine, katika hafla na makongamano, husikia kuwa Kiswahili kimepanda hadhi duniani na kwamba milango yote i wazi. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini zina kasoro moja: hakuna inayomwambia mwanafunzi afanye nini. Ya kwanza humkatisha tamaa bila kumwonyesha njia nyingine. Ya pili humtia tamaa bila kumwonyesha ngazi ya kupandia.

Isitoshe, msemo kwamba Kiswahili kina wenyewe umetumiwa vibaya. Mwanafunzi wa bara huambiwa hawezi kuwafikia wenyeji wa pwani, naye mwanafunzi wa pwani huambiwa hana haja ya kusomea lugha aliyozaliwa nayo. Wote wawili hupotoshwa. Kuzungumza lugha ni jambo moja. Kuichanganua, kuifundisha, kuihariri na kuitafsiri ni taaluma zinazohitaji mafunzo.

2.0 Ushauri na Uteuzi: Historia Fupi

Haja ya ushauri shuleni si jambo geni nchini Kenya. Ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilisisitiza umuhimu wa ushauri nasaha katika mfumo wa elimu. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili, pendekezo lililozaa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Kuanzia hapo, kila mtahiniwa wa kidato cha nne alikuwa amesoma Kiswahili, na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zikapata hazina kubwa ya wanafunzi.

Hata hivyo, ushauri wa kitaaluma haukukua kwa kasi hiyo. Adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, idara za ushauri nasaha zilitarajiwa kuziba pengo hilo katika kudumisha nidhamu. Mwalimu mshauri akawa mtu wa kuitiwa wanafunzi waliokosa. Katika shule nyingi mwalimu huyo pia ana vipindi vyake vya kawaida vya kufundisha. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi mtulivu, asiye na kosa, anaweza kumaliza miaka minne bila kuingia katika ofisi hiyo hata mara moja. Ofisi iliyozoeleka kuwa ya wakosaji haiwezi kwa urahisi kuwa ofisi ya wanaotafuta mwelekeo.

Utaratibu wa uteuzi nao umebadilika. Enzi za bodi ya JAB, mwanafunzi wa vyuo vikuu vya umma alijaza machaguo yake kabla ya kuketi mtihani, akikisia alama atakazopata. Idadi ya waliochukuliwa ilitegemea nafasi na vitanda vilivyokuwapo vyuoni, hivi kwamba mtahiniwa angeweza kupata alama ya C+ inayohitajika na bado akakosa nafasi ya kufadhiliwa na serikali. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda asasi ya KUCCPS, ambayo huwapangia wanafunzi nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kati. Siku hizi mwanafunzi huomba kozi akiwa na matokeo mkononi. Mabadiliko haya yamepunguza kubahatisha alama, lakini hayajapunguza kubahatisha kozi. Mwanafunzi anajua alichopata. Kile ambacho mara nyingi hakijui ni kinachotakiwa mbele ya safari.

3.0 Masharti Yanayotangulia Sifa

3.1 Alama za Wastani na Alama za Kundi la Masomo

Katika KCSE, alama ya A ina pointi 12 na E ina pointi 1. Masomo saba huhesabiwa, hivyo upeo wa jumla ni pointi 84. Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ya kwanza ni wastani wa C+. Stashahada huhitaji C-, na astashahada D. Haya yanafahamika na wengi. Yasiyofahamika vyema ni mambo mawili.

Kwanza, tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani hukokotolewa kwa kuzingatia Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yenye alama bora. Awali, Kiingereza na Kiswahili vyote viwili vililazimika kuhesabiwa. Kwa hiyo mtahiniwa anayemudu Kiswahili kuliko Kiingereza hapunguziwi wastani na lugha ya pili. Hii ni nafuu kubwa, lakini nafuu hiyo ina mtego. Wastani ni kipimo kimoja, na masharti ya kozi ni kipimo kingine. Kozi inaweza kutaja Kiingereza au Kiswahili kwa jina na kudai alama fulani, hata kama somo hilo halikuingia katika wastani. Mwanafunzi aliyeipuuza lugha moja kwa kuwa haihesabiwi anaweza kujikuta ameufunga mlango wa kozi aliyoitamani.

Pili, ushindani wa kozi hauamuliwi na wastani peke yake. Kila kozi ina kundi la masomo manne yanayohusiana nayo, ambayo upeo wake ni pointi 48. Jumla ya masomo hayo huunganishwa na ufaulu wa jumla ili kupata alama za kundi. Chukulia watahiniwa wawili waliopata pointi 60 kati ya 84, yaani wastani wa B. Wa kwanza amepata pointi 11, 10, 10 na 9 katika masomo manne ya kundi linalohitajika, jumla 40. Wa pili amepata 9, 9, 8 na 8, jumla 34, kwa sababu alama zake zimetawanyika katika masomo yasiyo ya kundi hilo. Vyeti vyao vinaonyesha wastani uleule, lakini mbele ya kozi hiyo hawako sawa hata kidogo. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi kwa kuangalia wastani tu amemwona nusu.

Funzo linalotokana na hesabu hii ni kuwa uteuzi wa kozi haufanywi baada ya matokeo. Chini ya 8-4-4 ulianza pale mwanafunzi alipoteua masomo ya kuendelea nayo katika kidato cha tatu. Aliyeacha Historia, Jiografia au elimu ya dini bila kuuliza aligundua maana ya uamuzi huo miaka miwili baadaye.

3.2 Masomo Mawili ya Kufundishia

Ualimu ndio njia iliyozoeleka zaidi kwa wanafunzi wa Kiswahili, na ndiyo yenye sharti linalowaumiza wengi. Ili kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu kufundisha katika shule ya upili, mhitimu anapaswa kuwa na wastani wa C+ katika KCSE pamoja na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili anayoyafundisha. Aidha, akiwa chuoni anapaswa kuwa amesoma angalau kozi nane katika kila somo. Mwenye shahada ya sanaa isiyo ya elimu hulazimika kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu, na masharti ya masomo mawili hayamwachi.

Uzito wa sharti hili uko katika somo la pili. Mwanafunzi aliyepata A- katika Kiswahili na C katika Historia anaweza kuvutiwa na mseto wa Kiswahili na Historia kwa kuwa marafiki zake wameuchagua. Kipaji chake katika Kiswahili hakitamwokoa. Anaweza kusoma kwa miaka minne, akafuzu vizuri, akavaa joho mbele ya wazazi wake, kisha akakwama kwenye usajili kwa sababu ya alama aliyoipata kabla ya kuingia chuoni. Alama hiyo ilikuwa kwenye karatasi ya matokeo siku ile ile alipoomba kozi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha.

Hatari nyingine humpata mwanafunzi akiwa chuoni. Anayebadilisha somo la pili katika mwaka wa pili, au anayeacha kozi moja kwa nia ya kuirudia baadaye, anaweza kuhitimu akiwa na kozi saba badala ya nane katika somo mojawapo. Chuo kitampa shahada, kwa kuwa masharti ya kuhitimu yametimia. Lakini masharti ya kusajiliwa ni ya asasi nyingine. Kwa hivyo kila mwanafunzi wa elimu anastahili kuhesabu kozi zake mwishoni mwa kila mwaka wa masomo, asingojee kuhesabiwa na wengine.

Vilevile ni vyema ieleweke kuwa kusajiliwa si kuajiriwa. Nafasi za ualimu hutangazwa kwa kutaja masomo, mara nyingi mawili kwa pamoja. Mseto unaosomwa na wengi huleta ushindani mkubwa. Mshauri hapaswi kumficha mwanafunzi ukweli huu, wala kuufanya sababu ya kumfukuza katika ualimu. Inatosha amweleze ili aingie akijua.

3.3 Gharama

Sharti la tatu ni la fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, hutoa mikopo ambayo hurudishwa baada ya masomo. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mpango mpya wa ufadhili ambao ulizingatia hali ya familia ya mwanafunzi katika kugawa ufadhili na mkopo. Mpango huo ulipingwa mahakamani. Kwa kuwa taratibu hizi hubadilika, ushauri bora ni kumzoeza mwanafunzi kuuliza maswali matatu kabla ya kuthibitisha kozi: karo ya mwaka mzima ni kiasi gani, sehemu ipi ni mkopo, na familia italipa kiasi gani kila muhula. Kozi iliyo kilomita mia tano kutoka nyumbani ina gharama za nauli na malazi ambazo hazionekani katika orodha ya karo. Kuuliza si ujinga, na kutouliza hapa kumewafanya baadhi ya vijana kuahirisha masomo katikati.

4.0 Fani Zilizo Wazi na Mahitaji Yake

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kimepata heshima nyingi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Jumuiya ya SADC ilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2019. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Hizi ni hatua za kujivunia. Hata hivyo, heshima ya lugha si barua ya kazi. Kinachomfaa mwanafunzi ni kujua kazi zinafanywaje na zinataka nini.

4.1 Tafsiri na Ukalimani

Tafsiri hushughulika na maandishi, na ukalimani hushughulika na mazungumzo. Wanafunzi wengi hudhani kuwa anayejua Kiswahili na Kiingereza tayari ni mkalimani. Ukalimani sambamba humtaka mtu asikilize na kusema kwa wakati mmoja, kazi inayochosha akili kiasi kwamba wakalimani hufanya wawili wawili katika kibanda, wakipokezana baada ya takriban nusu saa. Mfasiri naye kwa kawaida hulipwa kwa kuhesabu maneno au kurasa, kwa hivyo kasi na usahihi ndio mshahara wake.

Mahitaji ya fani hii nchini yana misingi ya kisheria. Katiba, katika kifungu cha 49, inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imekubali Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Bungeni, kwa mujibu wa kifungu cha 120, Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya ndizo lugha rasmi; kwa hiyo maafisa wa Hansard wanahitaji kumudu Kiswahili cha kuandika na si cha kuzungumza tu.

Anayelenga fani hii anashauriwa aongeze lugha ya tatu. Kifaransa, Kiarabu na Kireno ni lugha za kazi katika Umoja wa Afrika, na shule nyingi za upili hufundisha mojawapo ya mbili za kwanza. Vilevile ajue kuwa mafunzo ya ukalimani wa mikutano hutolewa zaidi katika kiwango cha uzamili, hivyo shahada ya kwanza ni mwanzo tu wa safari.

4.2 Uanahabari na Uchapishaji

Vyombo vya Kiswahili ni vingi: gazeti la Taifa Leo, idhaa za redio na runinga za humu nchini, na idhaa za ng'ambo kama BBC Swahili, DW na RFI. Mwenye kulenga uanahabari ana njia mbili. Anaweza kusomea uanahabari na kukiweka Kiswahili kuwa silaha yake, au asomee Kiswahili kisha ajifunze kazi ya habari kwa stashahada. Kwa vyovyote vile, chumba cha habari humpima mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Mwanafunzi anayeandika katika jarida la shule na kutangaza katika redio ya chuo huwa ameanza kujenga ushahidi wake mapema.

Uchapishaji hauzungumziwi sana, lakini hutegemea wataalamu wa lugha kwa kiwango kikubwa. Vitabu vya kiada huwasilishwa kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ili vitathminiwe kabla ya kuidhinishwa. Kitabu cha Kiswahili chenye makosa ya upatanisho wa kisarufi au tahajia hakiwezi kufika mbali, na anayekilinda ni mhariri. Kazi hii inafaa mwanafunzi mvumilivu anayepata raha katika kusoma ukurasa mmoja mara nne.

4.3 Teknolojia ya Lugha

Fani hii ndiyo mpya kuliko zote. Mitambo ya kutafsiri na kutambua sauti hufunzwa kwa mkusanyo mkubwa wa matini na sauti. Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus ulioshirikisha watafiti wa vyuo vikuu ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kazi za aina hii zinahitaji watu wa kunakili sauti, kubainisha aina za maneno, kusahihisha tafsiri na kutunga istilahi.

Baadhi ya wanafunzi huogopa kuwa mashine zitamaliza kazi ya mfasiri. Ukweli ni kwamba zimeibadilisha. Sehemu ya kazi iliyokuwa ya kutafsiri kuanzia mwanzo imekuwa ya kuhariri kile ambacho mashine imetafsiri. Kazi hiyo haimhitaji mtu anayejua maana ya maneno peke yake, bali anayejua maneno yanavyoandamana: rufaa hukatwa, kesi huahirishwa, kiapo hulishwa, na hati hutiwa saini. Asiye na ujuzi huo atayapitisha makosa yaliyovaa nguo nzuri. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye uwezo katika Hisabati au kompyuta pamoja na Kiswahili asishurutishwe kuacha kimojawapo. Mchanganyiko huo ni adimu na una thamani.

4.4 Kufundisha Wageni

Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, Ulaya na Asia. Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni umewapeleka Wakenya katika vyuo vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Anayetaka njia hii ajue kwamba kumfundisha mgeni si sawa na kumfundisha mtoto wa Kitui au Kakamega. Mgeni huuliza kwa nini kitabu kikawa vitabu na mti ukawa miti, na mwalimu asiyeweza kufafanua ngeli kwa utaratibu huishia kusema kwamba ndivyo isemwavyo. Hapa ndipo isimu, ambayo wanafunzi wengi huiogopa chuoni, inapolipa.

5.0 Mtaala wa Umilisi na Uamuzi wa Mapema

Yaliyosemwa yanahusu zaidi mfumo wa 8-4-4, ambao umefikia ukingoni. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya tathmini ya kumaliza shule ya sekondari ya chini mwaka 2025, na Gredi ya 10 ikaanza mwaka 2026. Katika shule ya sekondari ya juu kuna mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Mwanafunzi husoma masomo ya lazima, kisha huteua masomo matatu ya mkondo wake. Fasihi ya Kiswahili ni mojawapo ya masomo ya kuteuliwa katika mkondo wa sayansi za jamii, mbali na Kiswahili ambacho kimo katika orodha ya masomo ya lazima.

Mabadiliko haya yana maana mbili. Kwanza, mwanafunzi atakayeteua Fasihi ya Kiswahili atafika chuoni akiwa ameisoma kama somo linalojitegemea, tofauti na wa 8-4-4 aliyeisoma kama karatasi ya tatu ya somo la Kiswahili. Idara za vyuo vikuu zitalazimika kuzingatia tofauti hiyo katika kozi za mwaka wa kwanza. Pili, uamuzi uliokuwa ukifanywa katika kidato cha pili au cha nne sasa huanzia Gredi ya 9, mwanafunzi akiwa na umri wa takriban miaka kumi na mitano. Si kila shule inayotoa mikondo yote au masomo yote, kwa hiyo kuteua shule ni kuteua kazi kwa njia isiyo dhahiri. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ushauri unaosubiri mwaka wa mwisho utamkuta amekwisha kukauka.

6.0 Wajibu wa Vyama vya Wanafunzi wa Kiswahili

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina desturi nzuri ya kuzuru shule za upili. Makongamano hayo hushughulikia karatasi tatu za KCSE, yaani Insha, Lugha na Fasihi, na huchambua vitabu teule kwa kina. Wanafunzi huondoka wakiwa na maelezo ya maudhui na wahusika. Jambo ambalo mara nyingi halipewi nafasi ni swali la mwanafunzi aliyeketi nyuma: baada ya mtihani huu, itakuwaje?

Wanafunzi wa chuo wana sifa ambayo mwalimu mshauri hana. Wamepita katika mlango huo karibuni. Wanakumbuka fomu, karo ya muhula wa kwanza, na kozi walizodhani ni rahisi. Inapendekezwa basi kila kongamano litenge saa moja ya ushauri wa kitaaluma, ambapo kila mwanafunzi ataandika majibu ya maswali matano yafuatayo:

(a) Ni kozi zipi tatu anazozitamani, na kila moja inataja masomo gani kwa jina?
(b) Katika masomo hayo, yapi yako chini ya alama inayohitajika kwa sasa?
(c) Ikiwa ni ualimu, somo la pili ni lipi, na je, anaweza kulipata kwa C+ au zaidi?
(d) Karo itatoka wapi, na sehemu ipi ni deni?
(e) Asipopata nafasi ya shahada, ni stashahada au astashahada ipi inayomwelekeza kwenye fani ileile?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Ngazi ya stashahada na astashahada imewafikisha wengi chuo kikuu, ingawa kwa muda mrefu zaidi. Mwanafunzi aliyepata C anastahili ushauri sawa na aliyepata A. Pengine anauhitaji zaidi, kwa kuwa nafasi ya kukosea aliyo nayo ni ndogo.

Vyama viwe na tahadhari moja. Wasemaji wasitoe takwimu za ajira wasizozijua, wala wasiahidi kazi za ng'ambo. Taarifa za alama na masharti zitolewe kutoka kwa KUCCPS, Tume ya Huduma za Walimu na chuo husika, nazo zithibitishwe upya kila mwaka. Vyama vya kitaaluma kama CHAKITA, pamoja na CHAWAKAMA kinachowaunganisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, vinaweza kusaidia kuandaa kijitabu cha kurasa chache kwa Kiswahili fasaha, ambacho mwanafunzi atakipeleka nyumbani na mzazi wake akakisoma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba tatizo la mwanafunzi wa Kiswahili si upungufu wa fani. Kazi za kufundisha, kutafsiri, kuhariri, kutangaza na kuunda teknolojia ya lugha zipo, na kila moja ina masharti yake. Tatizo ni kwamba masharti hayo humfikia akiwa amechelewa: alama ya somo la pili hujulikana umuhimu wake wakati wa usajili, karo baada ya kufika chuoni, na lugha ya tatu baada ya kuhitimu. Mapenzi ya lugha ni mwanzo mwema, lakini hayatoshi kumvusha mtu. Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi zikilichukua jukumu la kuwafikia vijana hawa kabla ya uamuzi, zitakuwa zimeihudumia lugha yenyewe, kwani lugha hukua kwa watu walioiteua wakijua wanakokwenda.